Somo la Wanachama: Injinia Anamtumikia Nani?



Somo letu la mara hii linahusu mtu ambaye wengi wetu tunamwona kwa mbali tu. Anakuja kazini na kofia ngumu kichwani na karatasi kubwa mkononi, anazungumza na meneja, anatazama juu na chini, kisha anaondoka. Mtu huyo ni injinia. Wengine humwita mhandisi. Sisi tutatumia neno linalotumika kazini.

Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika tawi, watu kumi au kumi na watano pamoja, na anayejua kusoma amsomee asiyejua. Mwisho tumeweka maswali ya kujadiliana. Msiharakishe.

1. KAZI YA INJINIA NI NINI?

Fundi mwashi anajua kujenga ukuta ukasimama wima. Injinia anatakiwa kujua zaidi ya hapo: ukuta ule utabeba uzito gani, udongo ulio chini yake una nguvu gani, na siku gani utachoka. Kazi yake ni kupima na kuhesabu kabla ya kitu kujengwa, na kukikagua baada ya kujengwa, ili kisije kikaua watu.

Tazama siku moja ya mfanyakazi. Asubuhi anachota maji ya bomba, anapanda basi, anavuka daraja, anaingia kiwandani, anawasha mashine ya umeme. Katika kila jambo hapo kuna hesabu ya injinia. Mama anayevuka daraja na mtoto mgongoni hawezi kusimama kwanza akahesabu nondo zilizomo. Anaamini tu kwamba mwenye elimu ile alizihesabu kwa haki. Kwa hiyo injinia anashika maisha ya watu wengi asiowajua na wasiomjua.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi haziachi kazi hii iwe ya kila mtu. Uganda ina sheria ya kuandikisha mainjinia tangu mwaka 1969, na iko Bodi ya kuwaandikisha. Kenya na Tanzania nazo zina sheria na bodi zao. Injinia aliyeandikishwa akitia sahihi yake kwenye ramani, ni kama kuapa kwamba watu watakuwa salama.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatuna budi kulitazama bila haya. Injinia naye ni mtu wa mshahara. Anayemlipa ni mwenye jengo au mwenye kiwanda. Watakaolala ndani ya jengo lile, au watakaoshona nguo ndani yake, si wao wanaomlipa. Basi siku ambapo faida ya tajiri inavuta huku na usalama wa watu unavuta kule, injinia atasimama wapi? Na akisimama na watu, nani atasimama na yeye? Hilo ndilo swali la somo letu.

2. MFANO: SAVAR, BANGLADESHI, MWAKA 2013

Tumechagua mfano wa mbali, kutoka bara la Asia, kwa sababu jambo lile lilichunguzwa sana, na kwa sababu waliokufa walikuwa washonaji wa nguo, wafanyakazi kama wale wa viwanda vya nguo vya kwetu.

Katika mji wa Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladeshi, palikuwa na jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Chini kulikuwa na maduka na benki. Juu kulikuwa na viwanda vitano vya nguo, na ndani yake maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake vijana. Walishona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani.

Tarehe 23 Aprili 2013, siku ya Jumanne, nyufa kubwa zilionekana katika nguzo na kuta za jengo. Wafanyakazi walitolewa nje. Injinia mmoja aliitwa kutazama. Alipoziona nguzo alisema wazi kwamba jengo si salama na watu wasiingie. Nyufa zile zilionyeshwa hata kwenye televisheni.

Benki ikawaambia watumishi wake wabaki nyumbani. Maduka yakafungwa. Lakini mwenye jengo alisema hakuna hatari, na wenye viwanda wakawataka washonaji warudi kesho yake. Walioogopa waliambiwa kwamba asiyeingia atapoteza mshahara. Mwezi ulikuwa unakwisha. Mtu aliyekuwa na kodi ya nyumba ya kulipa na mtoto wa kulisha angefanya nini? Waliingia.

Jumatano tarehe 24, karibu saa tatu asubuhi, umeme ulikatika. Jenereta kubwa zilizokuwa katika ghorofa za juu ziliwashwa. Jengo lilitetemeka, na kwa muda mfupi sana likaanguka lote. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na zaidi ya 2,000 waliumia. Wako waliokatwa mkono au mguu papo hapo ili watolewe chini ya simiti.

3. JENGO LILIANGUKA KWA NINI?

Msisome haraka hapa, maana hapa ndipo penye elimu ya injinia, na elimu hii si siri.

Uzito wa jengo hushuka chini kama maji. Sakafu ya ghorofa ya nane inakaa juu ya nguzo zake. Nguzo zile zinabeba na kushusha uzito kwa nguzo za ghorofa ya saba, na hizo kwa za sita, mpaka kufika msingi, na msingi unaushusha kwenye udongo. Kwa hiyo nguzo za chini ndizo zinazobeba kila kitu. Ukiongeza ghorofa moja juu, umeongeza mzigo kwa kila nguzo iliyo chini yake, hata kama huko chini hukugusa kitu.

Wachunguzi wa serikali ya Bangladeshi walitaja mambo haya. Kwanza, jengo lilijengwa juu ya ardhi ya majimaji iliyofukiwa. Pili, vifaa vya ujenzi vilikuwa hafifu. Tatu, ghorofa za juu ziliongezwa bila ruhusa iliyo halali. Nne, jengo lilikusudiwa kwa maduka na ofisi, wala halikukusudiwa kwa viwanda. Duka lina meza na rafu. Kiwanda kina mamia ya cherehani, marobota ya kitambaa, watu wengi mahali padogo, na jenereta. Na mashine haina uzito tu, ina mtetemo. Nguzo iliyokwisha kupasuka inaweza kustahimili uzito uliotulia kwa siku kadhaa, kisha ikashindwa siku uzito ule unapoanza kutikisika. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile jenereta zilipowashwa.

Basi tusiseme kwamba ilikuwa bahati mbaya au kazi ya Mungu. Kila jambo kati ya hayo manne lilijulikana na mtu, na kila moja lingeweza kuzuiwa.

4. INJINIA ALISEMA UKWELI. KWA NINI HAUKUTOSHA?

Ndugu zetu, jambo hili ndilo linalotuuma. Mara nyingi tunasema maafa hutokea kwa sababu watu hawana elimu. Pale Savar elimu ilikuwapo. Mtu mwenye elimu alikuja siku moja kabla, akaona, akasema. Na neno lake lilisikika, maana benki ililisikia ikawaokoa watumishi wake. Washonaji nao walilisikia. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na nguvu ya kulifuata. Katika viwanda vyote vitano vya jengo lile hapakuwa na chama cha wafanyakazi hata kimoja. Kila mshonaji alisimama mlangoni peke yake mbele ya mnyapara.

Iko na sehemu ya pili, ambayo hatutaificha. Baadaye polisi walimkamata injinia yule yule. Walidai kwamba miaka ya nyuma alikuwa mshauri wa mwenye jengo wakati ghorofa zile za juu zilipoongezwa. Mainjinia wa manispaa nao walikamatwa pamoja na wengine. Sisi si mahakama na hatumhukumu mtu. Lakini tujifunze: injinia anaweza kutia sahihi leo kwa kumpendeza tajiri, na kesho akaja kulia kwamba nguzo zimepasuka. Akiwa peke yake na tajiri ofisini, ni rahisi kukubali. Mtu mwema naye ana watoto, na anajua kwamba akikataa ataitwa injinia mwingine.

Kwa hiyo tusitegemee wema wa injinia mmoja. Tutafute njia ya kumpa nguvu aweze kuwa mwema bila kufa njaa.

5. NJIA WALIYOIPATA

Baada ya maafa yale, vyama vya wafanyakazi vya Bangladeshi pamoja na mashirikisho mawili ya vyama ya kimataifa, IndustriALL na UNI, vilizibana kampuni kubwa zinazonunua nguo. Mwezi wa Mei 2013 ulitiwa sahihi mkataba wa usalama wa moto na majengo, unaojulikana kwa jina la Accord. Kampuni zaidi ya 200 ziliingia, na viwanda zaidi ya 1,600 vikawekwa chini yake. Ulikuwa mkataba wenye nguvu ya sheria. Ahadi za hiari zilikuwapo miaka mingi na hazikumwokoa mtu.

Tazameni jinsi mkataba ule ulivyobadilisha mahali anaposimama injinia:

(a) Mainjinia wa ukaguzi hawakulipwa na mwenye kiwanda wanachokikagua. Waliajiriwa na mkataba wenyewe, na katika uongozi wake vyama vya wafanyakazi vilikaa sawasawa na kampuni.

(b) Taarifa zao zilitolewa hadharani. Meneja hakuweza kuifungia taarifa ndani ya sanduku la meza yake.

(c) Injinia akisema jengo ni la hatari, kazi husimama. Na wafanyakazi waendelee kupata mshahara, hata miezi sita, wakati jengo linapotengenezwa. Hapa ndipo dawa ya ugonjwa wa Savar. Mshonaji asilazimishwe kuchagua kati ya roho yake na unga wa watoto.

(d) Mfanyakazi akiwa na sababu ya kuamini kwamba jengo ni la hatari, ana haki ya kukataa kuingia bila kufukuzwa.

(e) Kampuni inayovunja mkataba inaweza kushtakiwa mbele ya wasuluhishi. Hilo lilifanyika kweli. Mwezi wa Januari 2018 kampuni moja kubwa ilikubali kutoa dola milioni 2.3 baada ya vyama kuishtaki.

Mainjinia walipoingia viwandani waliona nini? Kufikia Oktoba 2014, katika viwanda kama 1,100 vya kwanza, waliandika kasoro zaidi ya 80,000: milango ya moto isiyofaa, nyaya za umeme zilizo wazi, nguzo zilizozidiwa. Baadhi ya majengo yalifungwa siku ile ile. Ni elimu ile ile iliyokuwapo kabla ya 2013. Kilichoongezeka ni nguvu ya wafanyakazi waliojipanga nyuma yake. Kazi hiyo haikwenda bila ugomvi. Tangu Juni 2020 shughuli za ukaguzi Bangladeshi zimekabidhiwa baraza ambalo wenye viwanda nao wamo, na vyama vinaendelea kulilinda jambo hili lisilegezwe. Mwaka 2023 mpango kama huo ulianza kazi Pakistani.

6. NA KWETU JE?

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Asia. Septemba 2004, hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, katika barabara ya Kampala kwenda Entebbe, ilianguka ikaua watu zaidi ya kumi. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita la kupangisha lilianguka Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na karibu watu hamsini wakafa. Jengo lile lilikuwa limekwisha kuandikwa libomolewe. Yaani wenye elimu walikwisha kusema, na wapangaji wakaendelea kulipa kodi kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kulala. Ni Savar tena, kwa udogo wake.

Sisi tunaozunguka makazini kuandikisha wanachama tumeuona ufa uliopakwa rangi kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Mahali pamoja, ambapo hatupataji jina, wafanyakazi walituambia kwamba injinia alikuja mara mbili na hawajui alisema nini. Tulipouliza, ofisi ilijibu kwamba taarifa ni mali ya kampuni. Ndugu, paa likianguka linaangukia nani?

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: ufa wa nguzo usiuzibe kwa rangi. Kwanza toka nje, halafu uliza.

7. TUFANYE NINI KATIKA TAWI

Kwanza, tujue haki yetu. Mapatano namba 155 ya mwaka 1981 ya Shirika la Kazi Duniani yanasema hivi kwa maneno yetu: mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu mkubwa wake mara moja, na mpaka iondolewe mwajiri hawezi kumlazimisha arudi hapo. Tena yanasema wajumbe wa wafanyakazi wanaweza kuchunguza mambo ya usalama, na kwa makubaliano na mwajiri wakaleta mtaalamu kutoka nje. Mtaalamu huyo ndiye injinia wetu. Mwezi wa Juni 2022, mkutano wa Shirika hilo mjini Geneva uliyaweka Mapatano haya katika misingi ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu, hata kama haijayatia sahihi. Uganda ina sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006. Kila katibu wa tawi awe na nakala ya sheria ya nchi yake.

Pili, kamati ya usalama iwe hai. Izunguke jengo kila mwezi na daftari. Itazame mambo haya: nyufa katika nguzo na boriti, hasa zinazokwenda mshazari, nondo zilizo wazi na zenye kutu, milango iliyoanza kukwama bila sababu, sakafu inayobonyea, mashine nzito au jenereta iliyopandishwa juu, ghorofa mpya inayoongezwa wakati watu wako kazini, mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli. Ufa mdogo wa ukutani uwekewe alama ya kalamu kwenye ncha zake zote mbili, na tarehe iandikwe. Ukipita alama, ufa unatembea. Ufa wa nguzo usingojewe. Jambo hili halimwondoi injinia; linatusaidia kumwita mapema na kumwonyesha pa kutazama.

Tatu, katika mkataba wetu na mwajiri tudai vifungu vitatu: taarifa ya kila ukaguzi isomwe mbele ya kamati ya usalama, injinia awe ameandikishwa, na jengo likifungwa kwa hatari, mshahara usikatwe. Bila kifungu hiki cha tatu, viwili vya kwanza ni karatasi tu.

Nne, tuwatafute mainjinia wenyewe. Wengi wao ni waajiriwa kama sisi, na wengine ni watoto wa wafanyakazi waliosomeshwa kwa jasho la wazazi. Tusiwaite watu wa tajiri kabla hatujazungumza nao. Tuwaandikishe katika chama pale sheria inaporuhusu. Tuwaalike waje siku moja tawini watufundishe kusoma ramani, nasi tuwaeleze mashine inatetemeka saa ngapi na maji yanavuja wapi, maana hayo hawayaoni kwa ziara ya nusu saa. Na injinia akifukuzwa kwa kukataa kutia sahihi ya uongo, jambo lake liwe letu. Tulitetee kama tunavyomtetea mpiga pasi au dereva.

Injinia anaitumikia jamii pale neno lake linapoweza kusimamisha kazi. Na neno lake litaweza hivyo wakati wafanyakazi walio chini ya paa lile wamesimama pamoja naye. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jengo tunalofanyia kazi lilijengwa kwa kazi gani? Je, ndiyo kazi inayofanyika humo leo?

2. Mara ya mwisho injinia alikuja lini? Nani kati yetu anajua alisema nini?

3. Pale Savar benki ilifunga na viwanda vikafungua. Tofauti ilitoka wapi?

4. Kesho asubuhi tukikuta ufa katika nguzo, nani atasema wa kwanza, ataenda kwa nani, na sisi wengine tutasimama wapi? Jibu hili liandikwe kwa majina katika daftari la tawi.

5. Tunamjua injinia gani karibu nasi ambaye tunaweza kumwalika katika mkutano ujao?

Matawi yatuletee majibu kwa ofisi ya chama. Yale ya swali la nne tutayasoma kwanza.

Umoja ni nguvu.